Karatasi Yenye Nyayo

Kitu cha kwanza alichokiona Dovie ni kwamba karatasi ya bibi yake haikuwa na namba.

Ilikuwa karatasi nzuri, nene, ya rangi ya maziwa, imezungushiwa maua ya buluu. Chini kulikuwa na nyayo mbili za mtoto mchanga, zimegongwa kwa wino mweusi, ndogo kama maganda ya karanga. Juu liliandikwa jina la hospitali ya masista ya pale mjini kwao, iliyokwisha kubomolewa zamani, na katikati jina la mtoto, Lurlene, na tarehe ya mwaka wa hamsini na moja. Lakini cheti cha kuzaliwa cha Dovie mwenyewe, ambacho mama yake alikibeba kwenye bahasha mji hadi mji wakati wa kuhamahama kwao, kilikuwa na namba nyekundu pembeni na muhuri ambao ukiupapasa unausikia. Dovie alikipitisha kidole juu ya karatasi ya bibi. Kikateleza tu.

"Tazama hivyo vidole," bibi akasema huku anacheka. "Siku ya kwanza duniani na kidole gumba kimeshapinda."

"Kimefuata tabia ya mwenyewe," akasema Earline.

Earline alikuwa jirani yao, na shoga wa bibi kwa miaka arobaini. Siku hiyo alikuwa amekaa jikoni kwao kama kawaida, kikombe cha kahawa mkononi, anatoa maelekezo. Wanawake wa kanisa walikuwa wamechangishana na kumkatia bibi tiketi ya safari ya meli ya starehe, watu wawili, Galveston mpaka Meksiko na kurudi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ilikuwa zawadi ya kumshukuru. Kwa miaka thelathini na minane, mtu akifiwa pale mjini kwao, Port Arthur, kabla maiti haijapoa, Lurlene alikuwa ameshafika mlangoni na bakuli la kuku na wali wa kuoka, limefunikwa karatasi ya bati. Hakuwahi kukosa msiba hata mmoja. Na katika miaka yake sabini na minne hakuwahi kutoka nje ya Texas, isipokuwa kuvuka daraja kuingia Louisiana, na huko hakukuhesabu.

"Sasa hii pasipoti," bibi akasema. "Nifanyeje?"

"Pasipoti ya nini, shoga? Meli inatoka Galveston, inarudi Galveston. Mimi nimekwenda mara mbili, pasipoti sinayo na siitaki. Cheti cha kuzaliwa na leseni ya udereva, basi. Unaingia, unaanza kula."

"Wewe ungeanza kula hata kwenye foleni."

"Ningekula, ndiyo. Nimelipia. Dovie, we si una simu hiyo? Hebu msomee bibi yako atulie."

Dovie alikuwa na miaka ishirini na mbili na shule aliiachia darasa la sita. Kusoma alijua, lakini alisoma polepole, na mbele za watu maneno yalimkwama kooni. Akafungua ukurasa wa kampuni ya meli, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti kwamba raia anayesafiri kwa meli inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya nyumbani hahitaji pasipoti, akiwa na kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo zaidi. Ulisema cheti kiwe kimetolewa na serikali, na kwamba kile kinachotolewa na hospitali hakipokelewi. Mstari huo Dovie aliusoma kwa macho. Kwa mdomo hakuusoma.

"Wanasemaje hapo mwisho?" bibi akauliza.

"Wanasema cheti kinatosha."

"Si nilikwambia?" Earline akasema.

Haukuwa uongo. Dovie alijiambia hivyo usiku ule na usiku uliofuata. Bibi alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika picha ya mtoto wake, na Earline alikuwa anacheka, na kulikuwa bado na wiki nne. Katika wiki nne mtu anaweza kurekebisha jambo kimyakimya bila kumwaibisha mtu yeyote.

Alijaribu kulirekebisha. Dovie alifanya kazi kwenye duka la mashine za kufulia, akikunja nguo za watu, na siku moja wakati wa chakula cha mchana alitembea mpaka jengo la kaunti, kwenye ofisi ya karani. Ukutani palikuwa na tangazo lililosema kila kitu waziwazi. Aliyezaliwa katika kaunti anapewa cheti chake hapo hapo, papo kwa papo. Mjukuu anaruhusiwa kumchukulia bibi yake, aje tu na kitambulisho. Dovie akapanga foleni. Mbele yake palikuwa na mzee aliyetaka leseni ya kuoa, na karani alikuwa anamtania kwa sauti kubwa, ofisi nzima inacheka. Kisha mzee akaondoka, na macho yote yakawa kwake.

"Nikusaidie nini, binti?"

Alikuwa amekariri maneno njiani, na sasa hayakuwapo.

"Samahani," akasema. "Vyoo viko wapi?"

Karani akamwonyesha. Dovie akaenda chooni, akasimama humo muda wa kutosha ili ionekane kweli alikuwa na haja, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Alijiambia atarudi Jumatatu. Jumatatu mashine mbili ziliharibika dukani. Baadaye akaanza kujiambia kwamba Earline amesafiri mara mbili na anajua, na kwamba yeye Dovie ni nani hata ajue kuliko Earline.

Jumapili kabla ya safari, wanawake wa kanisa walimsimamisha bibi mbele na kumwombea. Alikuwa amevaa kofia mpya ya ukindu yenye utepe wa manjano. Mtu mmoja alimwomba amletee kitu chochote kilichoandikwa Meksiko. Mwingine akamwomba asicheze na mabaharia.

"Sitaahidi kitu nisichokijua," bibi akajibu, na mchungaji mwenyewe akacheka.

Kutoka kwao mpaka Galveston ni mwendo wa saa mbili, pamoja na kivuko cha Bolivar. Bibi aliendesha mwenyewe, kofia kichwani, akiimba njia nzima. Kwenye kivuko aliwarushia shakwe mkate wake wote. Walipofika bandarini ilikuwa yapata saa saba mchana, na meli ilikuwa imesimama pale nyeupe, ndefu kuliko mtaa wao. Bibi aliitazama, akashika ukingo wa kofia yake.

Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alichukua leseni ya bibi, akaitazama, akairudisha. Akachukua karatasi, akaitazama, na hakuirudisha.

"Mama," akasema, "hii ni ya kumbukumbu. Hospitali zilikuwa zinawapa wazazi kama zawadi. Unacho kile cha serikali?"

"Hicho ndicho. Mama yangu alinipa siku niliyoolewa. Hiyo ni miguu yangu."

"Sina shaka kwamba ni miguu yako, mama."

"Nikivua kiatu utaona. Kidole gumba kimepinda. Shika hapa, Dovie, nivue kiatu."

"Mama, usivue. Si mimi, ni sheria. Hata ungekuwa mama yangu mzazi nisingeweza kukuingiza." Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akaitazama karatasi kwa huruma, akasema maneno yale yale. Akauliza wanatoka wapi, akatazama saa. Wangeweza kurudi kaunti kukichukua, akasema, kama ingekuwa asubuhi. Mapokezi yangefungwa saa nane na nusu.

Watu walikuwa wanapita kando yao na mabegi ya magurudumu. Mtoto mmoja alikuwa ameshavaa boya la kuogelea. Bibi alisimama na kiatu kimoja kimelegezwa kamba, na ule uso uliozoea kuingia misibani bila woga ukawa mdogo.

"Na binti je?" mkubwa akauliza. "Cheti chake kiko sawa. Yeye anaweza kupanda."

Bibi akamshika Dovie mkono, akamvuta kando, karibu na nguzo.

"Nenda," akasema.

"Bibi, siwezi," Dovie akasema.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama kawaida yake. Kisha akachukua begi lake na kofia ya bibi, maana bibi alikuwa ameivua na kumpa. Bibi alikuwa anaongea harakaharaka sasa, anapanga, kwa vile mipango ndiyo iliyomsimamisha siku zote. "Sikiliza. Mmoja wetu akienda, tumekwenda. Piga picha. Usijipige peke yako, piga vitu. Piga sahani mbili, viti viwili. Nunua vijizawadi. Mimi nitarudi nyumbani, sitamwambia mtu, na Jumamosi alfajiri nitakuwa hapa nakungoja. Wale wanawake wasijue. Umenisikia? Wametoa hela zao. Wasijue kamwe."

"Ndiyo, Bibi."

Akapanda. Alipofika juu alitazama chini atafute kofia yenye utepe wa manjano katikati ya watu, kisha akakumbuka kwamba anayo yeye.

Siku zile tano melini Dovie alizitumia namna ambayo hakuitarajia. Siku ya kwanza alikula biskuti chumbani, kwa aibu. Siku ya pili njaa ilimtoa. Walimkalisha meza moja na mume na mke wazee kutoka Oklahoma, wafugaji wa ng'ombe, na mwanamke akamuuliza yeye ni nani, na Dovie akaona kwamba pale hakuna anayejua jibu. Hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye yule asiyeongea. Akaongea. Akasimulia habari za soksi ambazo watu huziacha kwenye mashine, na yule mzee akacheka mpaka akafuta macho. Huko Cozumel, kisiwa cha Meksiko, aliingia baharini mpaka kiunoni na nguo zake, maji maangavu kama kioo, akasimama humo saa nzima. Alipiga picha za sahani mbili. Alipiga picha za viti viwili. Kitanda kilikuwa kipana, na alilala katikati.

Bibi yeye alirudi Port Arthur giza limeshaingia, taa za gari zimezimwa tangu kona ya mtaa. Alitoa mashine ya kukatia majani bandani, akaingiza gari humo, akafunga. Akashusha mapazia. Kwa siku tano alikaa ndani ya nyumba yake kama mwizi. Hakuwasha televisheni. Hakupika, maana harufu ingetoka. Alikula biskuti za chumvi na tini za kopo, amekaa sakafuni kwenye korido ya ndani, mahali pasipoonekana dirishani. Jumanne Earline alikuja kumwagilia maua, na bibi akalala kifudifudi nyuma ya kochi, akamsikia shoga yake anayaambia maua kibarazani: "Saa hizi mwenzenu anakula kamba wa bure. Na mimi nimebaki na nyinyi."

Jumatano kulitokea msiba. Nyumba ya tatu kutoka kwao, mke wa Bwana Thurman alianguka asubuhi akafa. Bibi alijua kutokana na magari. Akachungulia kwenye upenyo wa pazia, akawaona wanawake wa kanisa wanapita mmoja mmoja na mabakuli yao yaliyofunikwa. Alikuwa na kuku kwenye friza. Alikuwa na wali. Alikaa sakafuni akiwa ameifumbata mikono, mpaka magari yakaondoka.

Haya yote alimsimulia Dovie Jumamosi, kwenye kivuko, wakirudi. Alikuwa amekuja kama alivyoahidi, na alikuwa amekonda. Aliyasimulia kwa mzaha, akiigiza Earline na maua. Lakini alipofika kwa mke wa Bwana Thurman mzaha ukamwishia, akageuka akatazama maji.

Dovie hakuweza tena kuficha.

"Bibi, niliona," akasema. "Ile karatasi. Niliona mapema kwamba si yenyewe. Nilisoma kwenye simu, nikanyamaza. Nilikwenda hadi kwa karani, nikashindwa kuuliza."

Kivuko kikapiga honi, na bibi akageuka kutoka kwenye maji.

"Na mimi niliona," akasema. "Ningeonaje nisione? Nimeona vyeti vya wanangu wote. Nilijiambia, wakiona nyayo zile wataniacha nipite." Akampigapiga Dovie gotini. "Sote wawili tunaogopa madirisha ya ofisi. Si kosa lako peke yako, mwanangu. Haya, yaishe. Sasa nieleze kila kitu. Anza na chakula."

Dovie akaeleza. Alieleza njia nzima, na bibi akauliza maswali kama mwanafunzi kabla ya mtihani: ngazi zilikuwa ngapi, maji yalikuwa rangi gani, mhudumu wa chumba aliitwa nani. Jumapili, baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chakula, bibi alisimama na kofia yake akasimulia. Alisimulia vizuri kuliko Dovie, vizuri kuliko mtu aliyekwenda. Katika masimulizi yake nahodha alimwomba acheze naye muziki, na bibi akamkanyaga mguu.

"Dovie, ni kweli hayo?" Earline akauliza. "Nahodha?"

"Kweli," Dovie akasema, akainamia sahani yake.

"Basi mwakani twende wote watatu. Nataka nimwone huyo nahodha anavyochechemea."

"Mimi nimeshakwenda," bibi akasema. "Mara moja inatosha. Nendeni nyinyi."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, ingawa siku ile hakuna aliyesikia sauti yake. Mtu akishasimulia safari yake mbele ya kanisa zima hawezi tena kwenda kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Dovie alirudi kwenye ofisi ya karani. Mara hii maneno yalitoka, yakitetemeka, lakini yalitoka, na kwa muda wa dakika kumi na tano alipewa cheti cha bibi yake, na namba yake na muhuri wake. Akakiweka mezani pamoja na fomu ya pasipoti. Bibi akakipapasa muhuri kwa kidole.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema.

"Tujaze, Bibi. Twende kokote. Si lazima iwe kule."

"Earline atauliza mbona safari hii nahitaji picha ya pasipoti. Atauliza mbona nashangaa vitu nilivyokwisha kuviona." Akakirudisha kwenye bahasha. "Acha, mwanangu. Nimewadanganya vizuri mno."

Mwaka wa pili daktari wa moyo akamkataza ngazi na joto na mwendo mrefu, na habari ya pasipoti haikutajwa tena.

Sasa ni Agosti, alasiri, na wote wawili wamekaa kibarazani wanamenya kunde, beseni katikati yao. Bibi anamenya polepole siku hizi. Safari ile anapenda kuisimulia, hata wakiwa wawili tu, na Dovie humwacha. Leo ameanza na kivuko na shakwe. Lakini leo hakwenda moja kwa moja kwa nahodha. Masimulizi yake yamesimama bandarini.

"Jambo moja ninalofurahi," bibi anasema, "ni kwamba nilikulazimisha. Ulilia wewe mtoto. Ulining'ang'ania pale kwenye nguzo, unasema hupandi bila mimi, nikakusukuma kwa mikono hii. Ningekuwa laini siku ile ungebaki, na usingeona kitu. Hilo tu nililifanya vizuri. Ndilo linalonilaza usingizi."

Dovie ana ganda la kunde mkononi, limeshafunguka. Anajua akikaa kimya sasa hivi itakuwa sawa. Kukaa kimya ndicho kitu anachokiweza kuliko vyote. Bibi atahamia kwenye chakula, kisha nahodha, kisha watapika.

"Hukunisukuma, Bibi," anasema.

Bibi anainua uso.

"Sikulia. Sikukung'ang'ania. Uliniambia nenda, mara moja tu, na nilikuwa nimeshashika begi. Ningeweza kukaa nawe kwenye nyumba ile ya giza siku tano, tukala biskuti wote wawili. Haikunijia hata akilini." Sauti yake ni ndogo, lakini haikwami. "Nilitaka kwenda. Nilitaka kwenda hata bila wewe, na nilipokuwa kule nilifurahi."